Jina Mkononi

Tuseme binti wa miaka 17 huko Kilelengwani arudi nyumbani na jina limechorwa mkononi kwa sindano na wino, wala hakuomba ruhusa. Baba ashika fimbo. Mama afungua Walawi 19:28. Kifungu hicho chakataza alama kweli, lakini sisi wazazi twakisoma nusu: chaanza na kujichanja kwa ajili ya wafu. Chagusa msiba. Basi tuulize kwanza, jina hilo ni la nani? Septemba 10, 2012 watu 38 waliuawa kijijini humo, wakiwamo watoto 8. Huenda ni la ndugu ambaye nyumbani hatumtaji tena. Kisha tuulize habari za sindano, maana homa ya ini hupitia humo, na tumpeleke zahanati. Makaripio yaweza kungoja hadi jioni.