Ukweli Wote
Dominika ya 13 ya Mwaka B (Mk 5:21–43)



Injili ya Dominika hii inatuonyesha watu wawili wanaomhitaji Bwana kwa saa ile ile. Mmoja ni Yairo, mkuu wa sinagogi, ambaye binti yake yu mahututi. Mwingine ni mwanamke asiyetajwa jina, aliyekuwa akitokwa na damu kwa muda wa miaka 12. Habari za Yairo huhubiriwa sana. Leo natuandamane na huyu mama.

Marko hafichi kitu. Anatuambia kwamba mama huyu alikuwa ameteseka mikononi mwa matabibu wengi, akaimaliza mali yake, na badala ya kupata nafuu hali yake ikazidi kuwa mbaya. Luka naye anasimulia habari hiyo hiyo, lakini yeye anasema tu kwamba hakupatikana mtu wa kumponya. Lile neno la kuzidi kuwa mbaya halimo. Mapokeo ya Kanisa yanasema kwamba Luka alikuwa tabibu. Labda alitaka kuwasitiri wenzake wa kazi!

Watu wa namna ya mama huyu tunao katika parokia zetu. Hawana ugonjwa wa kuwalaza hospitali wala wa kukusanyiwa michango. Wanakwenda shambani, wanaimba kwaya, wanafundisha dini; lakini mwaka unaingia na mwaka unatoka, na dawa haziwasaidii. Magonjwa hayo ni mengi. Leo tumechagua moja tu, nalo ni kiungulia cha kudumu. Tunajua wapo watakaocheka na kusema, kiungulia nacho ni jambo la kuhubiriwa redioni? Hatuwalaumu, maana sisi wenyewe tuliwahi kucheka, na kicheko hicho ndicho kilichotufanya tuandike mahubiri haya.

Alikuwako katekista mmoja katika kigango tulichokihudumia. Kwa miaka saba alisumbuliwa na moto uliopanda kutoka tumboni hadi kooni. Usiku maji machungu yalimfika kinywani akaamka akipaliwa. Sauti yake ilikwaruza, na ninyi makatekista mnajua kwamba katekista asiye na sauti ni kama mkulima asiye na jembe. Alikuwa amepitia zahanati, hospitali ya wilaya, maduka ya dawa, shubiri, mwarobaini, maji ya kabichi, na maombi ya usiku kucha. Siku moja alikuja kutuambia kwamba amechoka. Nasi tulikuwa na haraka, tukamwambia kwa utani wenye ncha: wewe unayewafundisha wengine imani, mbona unashindwa na kiungulia? Alitabasamu, akaaga. Hakutuambia tena neno lolote juu ya ugonjwa wake kwa muda wa miezi mingi.

Mkewe ndiye aliyetufungua macho. Alitusubiri nje ya sakristia baada ya Misa, akasema kwa sauti ya chini, “Padre, tangu Pasaka mume wangu hulala ameketi.” Ilikuwa mwezi wa Oktoba.

Wazee walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tulikwenda nyumbani kwake jioni ile ile, tukamwomba atusamehe, kisha tukamwomba atueleze yote tangu mwanzo. Ilituchukua saa mbili. Kwa kweli hatukufanya jambo lolote kubwa, tulikaa tu juu ya kigoda. Lakini katika saa mbili hizo yalitoka mambo ambayo hakuwahi kumweleza mtu yeyote, hata daktari, kwa sababu hakuna aliyemuuliza na foleni ilikuwa ndefu.

Alikuwa akimeza vidonge vyake usiku, baada ya kula, kwa kuwa ndipo moto unapowaka. Alipopata nafuu kidogo aliviacha ili visiishe, akavianza tena ulipowaka. Kwa ajili ya maumivu ya mgongo, yaliyotokana na kuendesha baiskeli kwenda vigango vya mbali, alikuwa akinunua dukani vidonge vya kutuliza maumivu, akivimeza karibu kila siku. Na siku ya Dominika hakumeza dawa kabisa mpaka Misa iishe, kwa kuogopa kuvunja mfungo wa Komunyo.

Hapo tusimame kidogo, kwa sababu katika jambo hili la mwisho kosa lilikuwa letu sisi tuliomfundisha. Mfungo kabla ya kupokea Komunyo ni wa saa moja, na maji na dawa havikukatazwa kamwe katika saa hiyo. Tena wazee na wagonjwa, pamoja na wale wanaowauguza, wanaweza kupokea hata kama wamekula kitu ndani ya saa hiyo. Vivyo hivyo kufunga kwa Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu kunawahusu wenye afya walio kati ya miaka 18 na 59. Mgonjwa halazimishwi kuliumiza tumbo lake. Makatekista, tunawasihi mlifundishe jambo hili waziwazi, maana wapo wanaojitesa kwa sheria ambayo Kanisa halikuiweka.

Sasa tueleze kidogo ugonjwa wenyewe, kwa jinsi madaktari walivyotuelewesha. Tumbo hutengeneza tindikali kali ya kusagia chakula. Tumbo lenyewe lina utando wa kujikinga, lakini umio, yaani njia inayopitisha chakula kutoka kooni, hauna kinga ya namna hiyo. Pale umio unapoungana na tumbo pana msuli unaofunga, kama mdomo wa mfuko uliokazwa kwa kamba. Kwa baadhi ya watu kamba hiyo hulegea mara kwa mara, na maji ya tumbo hupanda na kuunguza. Vidonge vinavyotumika sana, kama omeprazoli, hupunguza tindikali inayotengenezwa. Lakini havikazi ile kamba. Ndiyo maana mtu anaweza kumeza dawa sawasawa na bado akasikia maji yakipanda. Tena vidonge hivyo hufanya kazi vizuri vikimezwa nusu saa hivi kabla ya chakula, si baada yake, na kwa siku mfululizo. Dawa za maumivu za jamii ya aspirini na diklofenaki huweza kuudhuru utando wa tumbo. Kwa hiyo huyu ndugu yetu kwa mkono mmoja alikuwa akizima moto, na kwa mkono wa pili akiongeza kuni.

Kwetu kila kinachouma juu ya kitovu huitwa vidonda vya tumbo. Vidonda ni ugonjwa mwingine. Mwaka 1984 daktari mmoja wa Australia, Barry Marshall, alikunywa bakteria kwa makusudi ili aonyeshe kwamba hao ndio wanaoliwasha tumbo. Yeye na mwenzake Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2005. Vidonda vingi vinavyotokana na bakteria hao hupona kwa dawa za kuwaua. Lakini kiungulia cha kupanda hakitokani nao, na wapo wagonjwa waliorudia dozi ile mara tatu na mara nne, wakiponya kitu ambacho hawanacho.

Lipo na lingine, nalo ndilo linalowatesa watu zaidi moyoni. Wako wagonjwa ambao wameingizwa mpira wenye kamera mpaka tumboni, na majibu yakatoka safi. Wanarudi nyumbani, na jamaa wanasema, umeona, huna ugonjwa. Lakini moto upo. Siku hizi madaktari wanatambua kwamba mishipa ya fahamu ya umio yaweza kuhisi kuungua hata pale ambapo tindikali ni kidogo au haipo, na kwa watu hao kuongeza vidonge vya tindikali hakuleti faida. Husaidiwa kwa njia nyingine. Mtu huyo hasemi uongo, na tusimwambie kwamba anajifanya.

Wapendwa, tumrudie Bwana njiani. Yule mama amekwisha gusa vazi, na damu imekwisha koma. Kama jambo lote lilikuwa ni kuponya, Yesu angeweza kuendelea na safari. Yairo anangoja, mtoto anakata roho, umati unasukumana, wanafunzi wanaona swali lake halina maana. Lakini yeye anasimama na kuuliza ni nani aliyemgusa. Mama anakuja akitetemeka, na Marko anaandika kwamba alimweleza ukweli wote. Miaka 12 haielezwi kwa neno moja! Na wakati Bwana angali akisema naye, wanafika watu kutoka nyumbani kwa Yairo na habari kwamba binti amekufa. Kusikiliza kule kulikuwa na gharama, nayo ililipwa mbele ya macho ya baba mwenye uchungu.

Sisi hatuna uwezo wa kuponya kwa pindo la kanzu zetu. Lakini kusimama njiani na kuuliza tunaweza, na hilo ndilo tunaloliacha. Tukienda kumtazama mgonjwa wa namna hii, kila mmoja wetu huja na dawa mdomoni: kunywa hiki, acha kile, nenda kwa fulani, shangazi yangu alipona kwa wiki moja. Tunamlundikia dawa kwa sababu hatuwezi kukaa kimya mbele ya maumivu tusiyoweza kuyaondoa. Na asipopona, tunaanza kumtafutia kosa: hana imani, anakula ovyo, au jirani amemroga. Wangapi wamegombana na ndugu wa damu kwa ajili ya tumbo lisilosikia dawa!

Tunajua sasa ninyi mlio wagonjwa mnauliza: yule mama alipona, na sisi je? Hatutawadanganya. Kwa nini mmoja anapona na mwingine haponi, hatukufunuliwa. Neno moja tunaweza kulisema kwa uhakika, nalo limo katika somo la kwanza la leo kutoka kitabu cha Hekima: Mungu hakukifanya kifo, wala hafurahii kuangamia kwa walio hai. Basi asije mtu akawaambia kwamba Mungu amewatumia moto huu ili kuwaadhibu.

Yule katekista alirudi kwa daktari akiwa na karatasi, na juu ya karatasi yale yote aliyotueleza. Daktari alibadilisha saa ya vidonge, akamwondolea dawa zile za mgongo, akampa mazoezi badala yake. Akamwambia aweke matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwa, kiinuke kama sentimita 15 au 20, kwa kuwa mito pekee huukunja mwili na kulibana tumbo. Alalie ubavu wa kushoto. Ale kidogo kidogo, na chakula cha jioni kiwe saa tatu kabla ya kulala. Alimwonya pia juu ya dalili zisizongoja: chakula kukwama, kukonda bila sababu, kutapika damu, au choo cheusi kama lami. Na maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi pamoja na jasho yasiitwe kiungulia hata kidogo, bali mtu akimbizwe hospitali, maana yaweza kuwa moyo.

Je, alipona? Hapana. Alipata nafuu kiasi cha kulala saa nne au tano. Juu ya upasuaji waliongea, ule wa kuzungushia sehemu ya juu ya tumbo kwenye mwisho wa umio, ambao daktari Rudolf Nissen aliuandika mwaka 1956; lakini si kila mgonjwa anafaa, na kwake iliamuliwa kungoja. Zipo wiki njema, zipo wiki ambazo moto unarudi pasipo kosa lake lolote. Siku hizo anafundisha kwa kunong’ona, na watoto wamezoea kusogea karibu.

Lililomwumiza zaidi, alituambia, halikuwa moto. Lilikuwa ni kula kwa watu. Kwetu mgeni asiyekula amemtukana mwenyeji, na katekista ni mgeni wa kila nyumba. Akiandaliwa pilau, mchuzi wa pilipili na chai ya rangi saa mbili za usiku, akila hatalala, akikataa ataitwa mwenye majivuno. Kwa miaka saba alikula. Nasi tulipokaa naye meza moja tulimhimiza aongeze.

Mwaka uliofuata, siku ya somo wa jumuiya yake, tulikuwapo. Mama mwenye nyumba alipita akigawa sahani. Alipofika kwake hakusema kitu wala hakuuliza. Aliweka mbele yake bakuli dogo la viazi vya kuchemsha na kikombe cha maji ya vuguvugu, tena saa kumi na moja jioni, kabla ya wengine wote kula, kisha akaendelea na kazi yake. Katekista aliinamisha kichwa kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kwa sala ya chakula.

Dominika ijayo, katika somo la pili, tutamsikia Mtume Paulo akieleza jinsi alivyomsihi Bwana mara tatu amwondolee mwiba uliokuwa mwilini mwake, na jinsi alivyojibiwa. Mlio na Biblia nyumbani, lisomeni mapema katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 12. Na kama katika jumuiya yenu yuko mtu wa namna hii tuliyemzungumza leo, mkalisome nyumbani kwake, naye aombwe kusema wa kwanza.

Tumsifu Yesu Kristo.