Filimbi, Kioo na Kibiriti



Tumeombwa tuseme machache juu ya vyombo vidogo vya kuitia msaada na kuwashia moto, ambavyo mtu aweza kuvichukua mfukoni kila siku. Huenda karani akauliza, Yanihusu nini mimi, mtu wa kalamu na daftari? Yamhusu sana, kwa kuwa kazi humteremsha kutoka Mbinga mpaka Mbamba Bay, na huko huingia mashuani na majalada yake kwenda Liuli au Lituhi. Ziwa la Nyasa lina kina kinachofika mita 700, na mwera ukivuma kutoka kusini, hasa tangu Mei hata Agosti, mawimbi yake si ya mchezo. Tarehe 30 Julai 1946 meli Vipya ilipinduka upande wa Nyasaland, ndiyo Malawi ya leo, wakafa watu 145. Nayo ilikuwa meli, si mtumbwi.

Wengi hudhani kwamba taa au moshi watosha. Katika ziwa letu hautoshi. Usiku wavuvi wa usipa hutandaza taa zao majini, hata atazamaye kutoka pwani huona kama mji. Taa yako itahesabiwa kuwa ya mvuvi mmoja zaidi. Mchana nao, nzi wadogo wa ziwa huinuka makundi makubwa kama nguzo za moshi, na wageni wengi wamedanganyika nao. Tena wakati wa kiangazi moshi wa mashamba huonekana milimani. Ukipunga mkono, walio pwani watakupungia vilevile, wakidhani wawasalimu!

Basi yafaa ishara iwe na mpango, nao ni tatu tatu. Piga filimbi mara tatu, nyamaza kidogo, upige tena. Mulika kurunzi hivyo hivyo. Ukiwa nchi kavu, washa mioto mitatu mbalimbali. Na badala ya kupunga, nyosha mikono yote miwili pembeni, uiinue na kuishusha polepole: hiyo ni ishara ya hatari wanayoijua mabaharia wa dunia nzima, wala haina bei.

Filimbi twaisifu kuliko vyote, maana sauti ya mtu hukauka upesi, bali filimbi yataka pumzi tu. Chagua isiyo na punje ndani, kwa sababu punje ikilowa hukwama. Kioo kidogo chafaa jua likiwapo, na mwako wake huonekana mbali mno. Nyosha mkono mmoja mbele, panua vidole viwili, mtazame umwitaye katikati yao. Kisha geuza kioo hata nuru ipige vidole vile. Hapo nuru yamfikia na yeye. Simu ya mkononi tusiidharau, lakini ikilowa hufa, na nyuma ya milima pengine haisikii.

Sasa moto. Mtu aliyelowa huweza kufa kwa baridi, hata katika nchi yetu, na usiku wa Juni huko juu Umatengo ni shahidi. Chovya vichwa vya njiti katika nta ya mshumaa, uzitie katika kikopo chenye kifuniko cha kukaza. Lakini angalia: njiti za kawaida haziwaki ila kwa ubavu wa kibiriti chake, ukate ubavu huo, uutie pamoja nazo, usipate nta wala maji. Ongeza kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, ambao huwaka hata umelowa, na pamba iliyopakwa mafuta ya mgando. Chuma cha cheche, alichokibuni Auer von Welsbach wa Austria mwaka 1903, hakiogopi maji. Ila chataka mazoezi, na mazoezi yafanywe nyumbani.

Kikopo kikae mfukoni, kisiwe mkobani, maana mkoba huzama na majalada. Filimbi ifungwe shingoni kwa uzi.

Vikopo vitatu viko hapa mezani mvitazame. Atakaye kujaribu filimbi na atoke nje kwanza.