Hujuma, Uzembe na Kiatu cha Mti



Nimeombwa nieleze neno moja la Kiingereza, "sabotage", ambalo sisi tumelifasiri kuwa hujuma. Waingereza wenyewe walilipokea kutoka Ufaransa karibu na mwaka 1910, wakati wa mgomo mkubwa wa wafanyakazi wa reli wa nchi hiyo. Asili yake ni "sabot", yaani kiatu cha mti walichovaa wakulima na mafukara wa huko.

Wengi wamefundishwa kwamba wafanyakazi walitupa viatu hivyo ndani ya mitambo ili iharibike. Hadithi hiyo ni tamu, lakini ushahidi wake haupo. Kitenzi "saboter" kilikuwa na maana ya kwenda kwa kishindo cha viatu vya mti, kisha kikawa na maana ya kulipua kazi. Ni katika mkutano wa vyama vya wafanyakazi mjini Toulouse, mwaka 1897, ambapo Émile Pouget na wenzake walilifanya neno hilo kuwa silaha: mwajiri anayelipa ujira duni naye apewe kazi duni. Lilikuwa, basi, neno la mnyonge dhidi ya bepari. Habari za madaraja na reli kuvunjwa zilikuja baadaye, hasa kwa sababu ya vita.

Kiswahili kilichagua njia nyingine. Hujuma latokana na Kiarabu, nalo ni shambulio. Anayelipua kazi huenda ni mvivu tu, anayeshambulia amekusudia. Tofauti hiyo si ya wanasarufi peke yao. Chini ya sheria ya mwaka 1983 ya kupambana na wahujumu uchumi, washtakiwa walipelekwa mbele ya baraza maalum, wala hawakuruhusiwa kutetewa na mawakili. Mwaka 1984 sheria nyingine ilishika nafasi yake, na jina lake la Kiingereza likaliacha neno "sabotage". Sisi tukabaki na uhujumu uchumi, na mahakamani ndivyo tunavyosema hadi leo.

Sasa, karani akichelewesha jalada wiki tatu, mkuu wake humwandikia barua kwamba anahujumu kazi. Nia yake imechunguzwa lini? Pengine jalada lenyewe lilikuwa mezani kwa mkuu huyo huyo! Aandikaye hujuma hana budi aonyeshe kusudi. Akishindwa, na aandike uzembe, ambao nao una adhabu yake katika kanuni za utumishi.