Chokaa Katika Mishipa ya Damu na Hatari ya Kiharusi

(Mada kwa mkutano wa wananchi, Segera)



Kiharusi ni ugonjwa wa mishipa ya damu, ijapokuwa alama zake huonekana mdomoni na mkononi. Ndani ya mishipa ipelekayo damu kwenye ubongo hujengeka utando wa mafuta, kidogo kidogo, kwa miaka mingi. Utando huo ukizeeka, madini ya kalsiamu, yaleyale yajengayo mifupa, huganda ndani yake ukawa mgumu, mithili ya ukoko mweupe katika birika la maji ya kisima. Hiyo ndiyo chokaa ya mishipa.

Mtu angedhani utando mgumu ndio wa kuogopwa zaidi. Katika mishipa mikubwa ya shingoni, mara nyingi sivyo. Uliokwisha kukauka kwa chokaa aghalabu hutulia mahali pake; ule laini, wenye mafuta mengi na ngozi nyembamba, ndio upasukao, damu ikaganda juu yake na bonge likasukumwa hadi ubongoni. Hata hivyo chokaa si kinga. Ni ushahidi kwamba ugonjwa umekuwamo siku nyingi, na palipo na utando mgumu huenda pana na laini pia.

Chokaa hiyo huonekana kwa picha ya CT scan, ambayo haipigwi zahanati. Shinikizo la damu, ambalo huharibu mishipa hiyo kimyakimya, hupimwa kwa dakika chache tu. Likifika 140/90 na kurudia hivyo siku nyingine, lahitaji tiba, hata kama mwenyewe hajisikii mgonjwa.

Wapo wasemao kiharusi ni ugonjwa wa Wazungu. Utafiti uliofanyika Hai na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 ulihesabu wagonjwa 636: Hai 453 miongoni mwa wakazi wapatao 160,000, na Dar es Salaam 183 miongoni mwa wakazi wapatao 57,000. Utafiti mwingine, wa 2008, ulionesha kuwa wengi Dar es Salaam walikihusisha na mashetani au uchawi. Na mgonjwa anapozungushwa kwa waganga, saa za tiba hupita.

Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama ghafla, mgonjwa apelekwe hospitali, Handeni au Korogwe, papo hapo. Asipewe aspirini nyumbani: huenda mshipa umepasuka na damu inavuja, na dawa hiyo itazidisha. Saa alipoonekana mzima mara ya mwisho iandikwe, maana daktari ataiuliza.