Breki za Gari la Kale

Kwa msikilizaji wetu wa Bombolulu, Mombasa, aifufuaye uani mwake Peugeot 404, jinsi ya gari lililotwaa Safari Rally mwaka 1966, 1967 na 1968, twasema hivi: pedali ya breki ikibonyea kama sifongo, dhana ya kwanza na iwe hewa iliyomo bombani; lakini ikishuka taratibu chini ya mguu, ilhali hakuna tone livujalo nje, aghalabu raba za masta silinda zimechakaa, na kutoa hewa usiku kucha hakutafaa kitu. Gurudumu likikataa kuachia, shuku mpira wa kupitishia oili ya breki uliovimba ndani. Nayo oili hiyo hunyonya unyevu, ambao pwani yetu haina uhaba nao. Usitumie ya chupa iliyokaa wazi, wala, hasha, oili ya injini, ambayo huziharibu raba zote.