Ilimu ya Makumbusho na Amana ya Wazee



Ama baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, maneno ya leo yahusu ilimu ambayo wachache katika mji huu wamepata kuisikia, nayo ni ilimu ya makumbusho. Wako vijana waliokwisha kupata shahada ya kwanza ambao watamani kuisoma zaidi, na wako wazazi waulizao: je, mtoto asomeshwe miaka yote hiyo ili akalinde vyungu vya zamani? Swali hilo lina haki ya kujibiwa.

Kila aliyekulia Buyenzi alijua sanduku la mzee. Ndani yake mna msahafu ulioliwa pembe na mchwa, kofia ya viua, picha ya harusi, hati ya kiwanja, na barua ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu kutoka Ujiji au Rumonge. Mzee afapo, warithi huigawa nyumba kwa hesabu sahihi ya mirathi, lakini sanduku huachwa uani likanyeshewa. Tena mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipanda hata maji yakaingia katika majumba ya watu walio karibu na pwani yake. Karatasi iliyokwisha kuoza hairudi, na aliyeiandika hayupo wa kuulizwa.

Basi ilimu ya makumbusho ni ilimu ya kutunza amana. Jambo la kwanza afundishwalo mwanafunzi ni daftari: kila kitu kipewe namba, kiandikwe kilitoka kwa nani, wapi, lini, na kwa njia gani, ya zawadi, ya kununua au ya kuazima. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na Waislamu hawana haja ya kufunzwa heshima ya kuandika, kwani aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, katika Sura ya Al-Baqara, yahusu deni liandikwe na lishuhudiwe.

Jambo la pili ni kuhifadhi. Jua hufifisha wino, unyevu huleta ukungu, na wadudu hula ngozi na karatasi; mwenye ilimu hujua pa kuweka kitu, na hujua pia wakati wa kutokigusa. La tatu ni kuonyesha na kueleza, ili mtoto wa skuli aingie hajui kitu, atoke amejua. La nne ni sheria na fedha, maana nyumba isiyo na hesabu hufungwa.

Njia yake ni ndefu. Kijana huanza na shahada ya historia, au ya mambo ya kale, au hata ya kemia, kisha ndipo asome shahada ya pili. Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, kilianzisha idara ya ilimu hii mwaka 1966. Kwa kijana wa Burundi aliyesoma kwa Kifaransa ziko njia zilizo karibu zaidi: Chuo Kikuu cha Senghor, kilichofunguliwa mwaka 1990 katika mji wa Alexandria, nchini Misri, ambacho kimefundisha utunzaji wa urithi, na skuli ya urithi wa Afrika iliyoanzishwa mwaka 1998 huko Porto-Novo, Benin. Kwa Kiingereza, kituo cha namna hiyo kilianzishwa Mombasa mwaka 2000.

Na kazi iko wapi? Mzazi aulizaye hivyo hakukosea. Nyumba za makumbusho katika Burundi ni chache: iko ya Taifa huko Gitega, iliyoanzishwa mwaka 1955 zama za Wabelgiji, na iko Musée Vivant ya hapa Bujumbura, ya mwaka 1977, ambayo watoto waijua zaidi kwa mamba wake. Kwa hiyo yafaa kijana asikope fedha kabla ya kuijaribu kazi yenyewe. Na aombe kwanza kutumikia mahali kama hapo miezi kadhaa, afute vumbi na kuandika daftari. Akichoka upesi, amejua mapema. Akidumu, na atafute msaada wa masomo. Na ilimu hiyo haina mlango mmoja, kwani maktaba, nyaraka za serikali na daftari za wakfu zote zamhitaji mtu wa namna hiyo.

Wengine hunong'ona kwamba kuhifadhi vya kale ni kuvitukuza. Lakini kutunza si kuabudu. Huko Timbuktu, mwaka 2012, vita vilipoingia, Abdel Kader Haidara na wenziwe walivificha vitabu vya kale vya wanachuoni wa Kiislamu kwa maelfu, wakavihamisha katika masanduku mpaka Bamako. Mapema mwaka 2013 baadhi ya vitabu vilivyobaki Timbuktu vilichomwa moto. Waliookoa na waliochoma wote walijiita Waislamu, na kila mwenye akili aona nani aliyeitunza ilimu.

Huko Zanzibar, Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883 na likawa makumbusho, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020, na watu wakafa. Jina kubwa halizuii ukuta kuanguka. Huuzuia mtunzaji asikilizwaye mapema.

Liko na jambo jingine. Vitu vingi vya Burundi vimo Tervuren, Ubelgiji, katika jumba lililofunguliwa mwaka 1910. Mwaka 2022 Ubelgiji ilipitisha sheria ya kufungua njia ya kurudisha vitu vilivyochukuliwa zama za ukoloni. Lakini mwenye kudai lazima aweze kusoma daftari la anayedaiwa, na kuonyesha mahali pa kukiweka kitu kikirudi. Pasipo mtu aliyesoma, haki hubaki karatasini.

Basi ndugu Waislamu, kabla ya kumsomesha kijana hata mmoja, iko kazi isiyongoja shahada. Chama na kinunue daftari moja na kabati moja kavu iliyoinuka juu ya sakafu. Kila nyumba ilete habari ya sanduku lake, wala si lazima ilete sanduku lenyewe: liandikwe jina la mwenyewe, kilichomo, na neno la mzee angali hai. Kijana atakaporudi na ilimu yake, akute pa kuanzia.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, na awajaalie waliobaki kuwa wenye kuzirudisha amana kwa wenyewe. Amin.