Ruta ya Pili Ikishanunuliwa: Mazungumzo kwa Wenye Biashara Ndogo na Taasisi



Wenye nyumba za wageni, shule, zahanati na vyama vya kuweka na kukopa hununua ruta ya pili ili intaneti isikatike. Nia hiyo ni njema, na fedha inayotumika si ndogo. Lakini ruta iliyofungwa ukutani na kuwaka taa zake bado haijathibitisha lolote. Kazi yake huonekana pale ya kwanza inapozimika, na mnunuzi ana kila sababu ya kulishuhudia jambo hilo kabla hajamaliza kulipa.

Kila kompyuta iliyounganishwa na mtandao wa ndani hupewa anwani ya lango, yaani mlango wa kutokea kwenda intaneti. Lango likiwa ruta moja, nayo ikazimika, vifaa vyote hubaki vikibisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu. Kanuni iitwayo VRRP, iliyochapishwa mwaka 1998, huzipa ruta mbili anwani moja ya pamoja. Kwa mpangilio wa kawaida, ruta kuu hutangaza kila sekunde 1 kwamba ipo hai, na ile ya akiba husikiliza. Matangazo yakikosekana kwa zaidi kidogo ya sekunde 3, ya akiba huitwaa anwani ile, na vifaa havijui kwamba mwenye nyumba amebadilika. Kampuni ya Cisco ina kanuni yake ya kazi hiyohiyo, HSRP. Hizi mbili hazielewani, hivyo ulizeni kabla ya kununua ruta za chapa tofauti.

Ugumu huanzia kwenye swichi. Swichi moja yaweza kugawanywa kuwa mitandao pepe kadhaa, ambayo mafundi huiita VLAN, mfano wa ukumbi mmoja uliokatwa vyumba kwa kuta. Chukueni nyumba ya wageni yenye mitandao pepe mitatu: wa wageni, wa malipo ya mapokezi, na wa kamera za ulinzi. Kila mmoja una lango lake, kwa hiyo kila mmoja wahitaji kupangiwa ruta kuu na ya akiba. Fundi akipanga wa wageni pekee, ruta kuu itakapozimika wageni wataendelea kutazama filamu vyumbani, huku mapokezi yakishindwa kupokea malipo ya kadi.

Kuna kosa jingine lililojificha zaidi. Waya unaotoka kwenye swichi kwenda ruta ya akiba lazima uruhusiwe kubeba mitandao pepe yote mitatu. Mmoja ukisahauliwa, ruta ya akiba haitasikia matangazo ya mwenzake katika mtandao huo. Itajidhania ndiyo kuu, ilhali hakuna kifaa kinachoweza kuifikia. Kwa macho, kila kitu kitaonekana kizima.

Tena, VRRP husikiliza ukimya wa ruta, si ukimya wa intaneti. Waya wa mtoa huduma ukikatika barabarani, ruta kuu bado ina umeme na bado hutangaza kwamba ipo hai; ya akiba hukaa kimya. Fundi hana budi kuiagiza ruta kuu iufuatilie waya huo wa nje na kujishusha kipaumbele unapokufa. Maagizo haya hayamo humo yenyewe.

Na njia za nje je? Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika upande wa Afrika Kusini, na huduma ikazorota Tanzania na kwa majirani. Watoa huduma wawili wenye majina tofauti waweza kupita njia moja. Waulizeni. Ruta zote mbili zikichomekwa kwenye soketi moja, tatizo ni lilelile kwa sura ndogo.

Andikeni katika mkataba kwamba malipo ya mwisho yatatolewa baada ya jaribio. Siku ya makabidhiano, wekeni kifaa kimoja katika kila mtandao pepe, kisha chomoeni umeme wa ruta kuu. Vyote vitatu viendelee kufika intaneti. Irudisheni, subirini itulie, halafu chomoeni waya wa mtoa huduma peke yake, ruta ikiwa inawaka. Fundi akisema jaribio litavuruga mfumo, jibu hilo limekwisha kuwaeleza mengi kuhusu mfumo wenyewe.

Takeni pia nakala ya mpangilio na nywila zake, zikae mikononi mwenu. Na mwakani mtandao pepe wa nne ukiongezwa, wa mlango wa umeme au wa televisheni, jaribio lirudiwe kwa mitandao yote minne, kwa kuwa anayegusa swichi kuongeza mmoja aweza kuondoa mwingine bila kukusudia.